Mfano wa majaribio uonyeshwe lini, na nani aushike kwanza?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Naongoza timu ya watu saba inayotengeneza kifaa kipya cha kupimia shinikizo la damu nyumbani. Wahandisi wetu hujifungia kwa miezi kadhaa, ndipo wanatoka na mfano wa majaribio. Kila tunapokutana kuutazama tunaishia kubishana: watu wa mauzo wanasema hicho sicho walichoomba, wahandisi wananuna, na muuguzi anayetushauri hafungui mdomo. Sasa mkurugenzi anataka tupunguze mifano ili kuokoa muda na fedha. Je, mifano ndiyo inayotugombanisha, au sisi ndio hatujui kuitumia?

JIBU: Nzuri, na poleni kwa kazi. Nianze na mkurugenzi, maana ndiye mwenye haraka. Mwambie hesabu yake ameishika kwa upande usiofaa. Kinachowamalizia fedha ni kutengeneza mfano mmoja wa gharama kubwa kila baada ya miezi kadhaa, kisha kugundua siku hiyohiyo kwamba watu saba walikuwa na vifaa saba tofauti vichwani. Mngekuwa na mifano mingi zaidi, ya bei ya chini kabisa, ugomvi huo mngeumaliza katika wiki ya kwanza, wakati ambapo hakuna aliyekesha akichomelea nyaya.

Mfano haukuleta ugomvi. Ulikuwapo tangu siku mlipoandika ile karatasi ya mahitaji, na nina hakika ndani yake mna sentensi inayofanana na hii: "Kifaa ambacho mzee anaweza kukitumia mwenyewe nyumbani." Wote mliisoma mkaikubali. Mhandisi wa saketi aliisoma akaona kitufe kimoja. Mtu wa mauzo aliona kioo kikubwa chenye rangi. Muuguzi alimwona mama wa miaka sabini, yuko peke yake, anajaribu kujifunga mkanda kwenye mkono wa kushoto kwa kutumia mkono wa kulia ambao nao una baridi yabisi. Hakuna aliyedanganya. Karatasi ina tabia ya kukubaliana na kila mtu, na ndiyo maana mkutano wa kupitisha mahitaji huwa mtulivu kuliko mkutano wa kuangalia kitu chenyewe. Kitu kikishawekwa mezani, hakiwezi kuwa kidogo na kikubwa kwa wakati mmoja.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote kinatoka kwenye mradi wa Apollo, ule wa Marekani wa kupeleka watu mwezini. Kampuni ya Grumman ya Marekani ilipewa mwishoni mwa 1962 kazi ya kuunda chombo cha kutua mwezini. Wahandisi wake walijenga kwanza chombo cha mbao, kwa vipimo kamili, kisha wakawaita wanaanga wakiwa wamevaa mavazi yao ya kazi na kubeba mgongoni sanduku la hewa. Mwanaanga alining'inizwa kwa nyaya ili apunguziwe uzito, aukaribie ule ambao angekuwa nao mwezini, akaambiwa: haya, toka nje. Mlango wa mbele ulikuwa wa mviringo, umbo ambalo mhandisi wa miundo hulipenda kwa sababu lina nguvu. Lakini sanduku la mgongoni lina pembe, likawa linakwama. Mlango ukawa wa mraba. Ilikuwa imepangwa washuke kwa kamba. Walipojaribu kushuka na kupanda wakiwa na mavazi yale mazito, ikaonekana haifai, ngazi ikawekwa. Hata viti viliondolewa. Wanaanga wakisimama, macho yao yanakuwa karibu na kioo, kwa hiyo madirisha yanaweza kuwa madogo na chombo kikapungua uzito.

Hebu angalia kilichotokea kati ya watu pale. Mhandisi na mwanaanga hawakuhitaji kubishana juu ya nani anajua zaidi, kwa sababu mlango ndio uliotoa jibu mbele yao wote. Aliyechora mlango wa mviringo hakufedheheka, maana zilikuwa mbao tu. Na hoja ya mwanaanga, ambayo kwenye ripoti ingesomeka kama lalamiko, ilikuwa tukio ambalo kila aliyekuwapo aliliona kwa macho yake.

Wataalamu wa elimujamii wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1989 Susan Leigh Star na James Griesemer walieleza jinsi watu wa fani tofauti wanavyoweza kufanya kazi pamoja bila kukubaliana kwa kila jambo, mradi wana kitu kimoja katikati ambacho kila upande unakielewa kwa namna yake. Baadaye, mwaka 2002, Paul Carlile alilileta wazo hilo kwenye timu za kuunda bidhaa mpya na akaongeza sharti ambalo wengi hulisahau: kuwa na kitu cha pamoja cha kutazama hakutoshi, kila upande lazima uweze kukibadilisha. Ukiwa na mfano ambao wahandisi pekee ndio wanaoweza kuufungua, kuukata au kuhamisha kitufe chake, hapo huna chombo cha timu. Una maonyesho, na watazamaji wa maonyesho hupiga makofi au huzomea.

Ndiyo ninayoona kwenu. Kwa maelezo yako, nadhani mfano unakuja umekamilika: ganda limepakwa rangi, taa inawaka, nembo iko mahali pake. Mtu wa mauzo ana njia mbili tu, kuukubali au kuukataa. Muuguzi ana moja, kunyamaza, kwa sababu ni nani atakayewaambia watu waliofanya kazi miezi yote hiyo kwamba mkanda wenyewe haufungiki? Usimlaumu kwa ukimya wake. Mfano uliong'arishwa humwambia mgeni kwamba maamuzi yameshapita.

Sasa ulinganishe na kisa kinachojulikana sana miongoni mwa wabunifu. Kampuni ya IDEO ilikuwa ikiisaidia kampuni ya Gyrus kuunda kifaa cha upasuaji wa pua. Madaktari walikuwa wakihangaika kueleza kwa mikono na maneno jinsi wanavyotaka kukishika. Mbunifu mmoja akatoka chumbani, akarudi na kalamu ya kuandikia ubaoni, kopo la filamu ya kamera na kibanio cha nguo, vyote vimefungwa pamoja kwa utepe wa kunata. Kilikuwa kituko, na bado daktari aliweza kukishika na kusema sogeza hapa, inamisha pale. Hakuna aliyejali heshima ya kopo la filamu. Kifaa kilichouzwa hatimaye kilifuata umbo lilelile la kushikwa kama bastola.

Kwa hiyo, swali la lini muonyeshe mfano nitalijibu hivi: mapema kiasi kwamba mhandisi wako ataona aibu kidogo. Akiwa haoni aibu yoyote, mmechelewa.

Usinielewe vibaya, kadibodi, yaani mfano wa bei ya chini wa namna hiyo, haijibu kila kitu. Haikuambii kama pampu inapiga kelele usiku, wala kama kipimo ni sahihi. Hapa nawashauri muige mgawanyo uliopendekezwa mwaka 1997 na Stephanie Houde na Charles Hill, waliokuwa Apple. Walisema mfano unaweza kuuliza mambo matatu tofauti: kifaa kitakuwa na kazi gani katika maisha ya mtu, kitaonekana na kushikika vipi, na ndani kitafanyaje kazi. Timu nyingi hugombana kwa sababu mmoja ameleta jibu la swali la tatu na mwingine analikosoa kwa swali la pili. Wahandisi wanajivunia usomaji thabiti, mauzo wanalalamikia rangi ya ganda, na wote wana haki. Yatenganisheni maswali hayo. Bodi ya saketi ije uchi, bila ganda lolote, ili asiwepo wa kuijadili kwa uzuri. Ganda lije tupu, na ndani yake mtie kitu chenye uzito wa betri na pampu, ili asiwepo wa kuuliza mbona haliwaki. Mkanda uje peke yake.

Mkanda huo nitaushughulikia zaidi, kwa sababu nadhani ndipo bidhaa yenu itakaposimama au kuanguka. Muuguzi wenu anajua jambo ambalo wengine huenda hawalijui: mkanda ulio mdogo kuliko mkono wa mgonjwa hutoa kipimo cha juu kuliko ukweli. Akifunga juu ya nguo nzito kipimo kinaharibika. Mkono ukiwa chini ya usawa wa moyo, kipimo kinapanda. Mtu wa mauzo atataka mkanda mmoja mwembamba unaoingia kwenye kisanduku kizuri. Kwenye karatasi, muuguzi ataandika "ukubwa wa mkanda uzingatiwe", na sentensi hiyo itapita bila mtu kuishtukia. Lakini kata mikanda mitatu ya kitambaa, ya upana na urefu tofauti, umwombe mtu mnene na mtu mwembamba waifunge kwa mkono mmoja huku wengine mmekaa kimya. Mtauona mkanda mwembamba ukifunguka wenyewe kwenye mkono mnene. Mtamwona mtu akiubana upande mmoja kwa kidevu, au kwa goti, ili aweze kuuvuta. Goti lile halipatikani kwenye karatasi yoyote ya mahitaji, na mtu wa mauzo akishaliona, hatahitaji kuelezwa tena na muuguzi. Ataanza yeye mwenyewe kutafuta namna ya kukipanua kisanduku.

Mmeona kwamba nimesema mikanda mitatu. Sikutaja idadi hiyo kwa kupamba maneno. Watafiti wa Stanford wakiongozwa na Steven Dow walichapisha mwaka 2011 jaribio la watu waliobuni matangazo wakiwa wawiliwawili. Baadhi walimletea mwenzao kazi kadhaa, wengine walitengeneza kadhaa lakini wakaleta ile bora tu, na wengine walitengeneza moja. Walioshirikishana kazi kadhaa walipata matokeo bora, walichukua mawazo mengi zaidi kutoka kwa mwenzao, na waliripoti kuelewana vizuri zaidi. Lenye uzito kwako ni hilo kundi la katikati. Kutengeneza mingi na kuficha mingine hakukuwapa faida ileile. Faida ilikuja pale kazi zote zilipowekwa mezani.

Sababu haihitaji elimu kubwa. Nikikuletea kitu kimoja, ukikikosoa umenikosoa mimi. Nikikuletea vitatu, unaweza kusema "mshikio wa hiki, kioo cha kile", na mimi sijapoteza kitu, nimepata mshirika. Toyota nao wamejulikana kwa kufanya hivyo kwa kiwango kikubwa zaidi: huacha njia kadhaa za usanifu ziende sambamba kwa muda mrefu, wazipunguze kidogokidogo kadiri majaribio yanavyoonyesha zipi hazifai. Kwa nje inaonekana ni ufujaji. Lakini timu ya injini na timu ya bodi la gari hazilazimiki kuvunja walichojenga kila upande mmoja unapobadili mawazo, kwa kuwa hakuna aliyejifungia kwenye jibu moja mapema.

Hapa huwa napingana na wanaomtaja James Dyson kila mara. Ni kweli alitengeneza mifano 5,127 ya mashine yake ya kufyonza vumbi isiyo na mfuko, kati ya 1979 na 1984, akibadilisha jambo moja kwa wakati. Ni kisa kizuri cha uvumilivu. Ila kwa sehemu kubwa alikuwa mtu mmoja anayepambana na hewa na vumbi, na hewa haina idara ya mauzo. Mhandisi wako akikutajia 5,127 ili apewe miezi mingine ya kujifungia, mkubalie kwa upande wa pampu na saketi, umkatalie kwa upande wa mkanda na vitufe.

Nani atengeneze? Kwa maoni yangu hili ndilo linalobadili timu kuliko ratiba yoyote, na ndilo viongozi hulipuuza. Anayeshika mkasi ndiye mwenye sauti. Kwa mfano wa kwanza wa umbo, mpe mkasi muuguzi na mtu wa mauzo, wakae na mhandisi mmoja ambaye kazi yake ni kusaidia mikono tu, bila kueleza kwa nini jambo haliwezekani. Watatengeneza kitu kibaya, na hicho kibaya kitawaambia wahandisi wanachotaka kwa uwazi kuliko barua pepe za mwezi mzima. Halafu siku ya majaribio, aliyetengeneza asiwe ndiye anayeeleza. Kila unapomsikia mtu akisema "hapana, unatakiwa kubonyeza hapa kwanza", andika: kifaa hapo kimeshindwa, maana nyumbani kwa mgonjwa hatakuwapo wa kusema hivyo.

Hujaniambia kama timu yote iko jengo moja. Kama wapo walio mbali na mnashirikiana kwa michoro ya kompyuta, mambo yanabadilika, na historia ya ndege ina somo la pande mbili. Boeing waliiunda ndege yao ya 777 kwa mfumo wa kompyuta wa kuchora kwa pande tatu, uitwao CATIA, na walizigawa kazi kwa timu zaidi ya 200 zilizochanganya wasanifu na watu wa kiwanda. Sehemu zikigongana, ziligongana kwenye kioo kabla ya kukatwa kwa chuma. Ndege iliruka mara ya kwanza Juni 1994. Airbus nao walikuwa na mfumo wa jina lilelile kwa ajili ya ndege yao kubwa ya abiria, A380, lakini wahandisi wa Ujerumani na Hispania walitumia toleo la zamani huku wenzao wa Ufaransa na Uingereza wakitumia jipya, na taarifa hazikuhama vizuri kati ya matoleo hayo. Vifurushi vya nyaya vilipofika kwenye ndege, vingine havikufika mahali pa kuunganishwa. Ndege moja ina nyaya za urefu wa kilomita 500 hivi, kwa hiyo haikuwa kazi ya kunyoosha kidogo. Mwaka 2006 walitangaza ucheleweshaji juu ya ucheleweshaji, na mteja wa kwanza alipokea ndege yake Oktoba 2007. Kila upande uliamini unautazama mfano uleule.

Kwenu nyinyi dawa ni ndogo: kila mfano, uwe wa kadibodi au wa faili, ubandikwe karatasi yenye tarehe, namba ya toleo, na mistari miwili. Wa kwanza useme ni nini hapo ni cha kweli, wa pili ni nini hapo ni cha kuigiza. "Ukubwa na uzito ni wa kweli. Kioo ni picha." Mstari wa pili utawaokoa hasa na mkurugenzi. Viongozi wakiona ganda zuri hudhani tumbo limeshajaa, wanaanza kutangaza tarehe ya kuuza, na wahandisi wanajifunza kuficha mifano yao hadi dakika ya mwisho. Nashuku ndiyo asili ya kule kujifungia kwao.

Nirudi kwenye fedha, maana mkurugenzi bado anasubiri. Kuhamisha kitufe kwenye kadibodi ni dakika chache. Kukihamisha baada ya kalibu ya chuma ya kumiminia plastiki kuchongwa ni wiki kadhaa na malipo mapya kwa mchongaji. Na kifaa chenu kina ukuta mwingine mbele. Kiwango cha kimataifa cha kuthibitisha usahihi wa vipima shinikizo la damu vya aina hii, ISO 81060-2, kinadai jaribio la kitabibu kwa watu wasiopungua 85, na wastani wa makosa usizidi milimita 5 za zebaki. Mkipita hapo kisha mtu wa mauzo akaamua kwamba mkanda ubadilishwe, huenda mkalazimika kurudia kwa sababu mkanda ni sehemu ya kipimo. Mabishano yote kuhusu mkanda lazima yawe yamekwisha kabla mtu wa kwanza kati ya hao 85 hajakunja shati. Mwonyeshe mkurugenzi gharama ya jaribio hilo kando ya gharama ya kitambaa na kadibodi, kisha umwache alinganishe mwenyewe.

Kuna siku mfano wa bei ya chini utawatosha na timu bado itaendelea kuchezea. Hilo nalo ni tatizo: watu wanatengeneza ili wasiamue. Kabla ya kila mfano andikeni swali moja, na nani atakayeamua jibu likipatikana. Swali likikosa mwenyewe, msitengeneze.

Mkutano wenu ujao usianze kwa wahandisi kuwasilisha. Weka mezani mikanda mitatu na ganda tupu kabla watu hawajaingia. Usimweleze yeyote ni ya nani. Kisha mwombe muuguzi aivae kwanza, mkono mmoja, huku akisema kwa sauti kila anachokifanya, na wengine wote waandike bila kumjibu mpaka amalize mkanda wa tatu.